Jicho la Foreman na hesabu za Kinshasa: uchambuzi wa tamasha la Zaire 74

Jumatatu ya tarehe 16 Septemba 1974, kiwiko cha mwenzake wa mazoezi kilimpasua George Foreman juu ya jicho la kulia. Kidonda chenyewe hakikuwa cha kutisha, lakini bingwa wa dunia hapandi ulingoni na jeraha bichi usoni. Pambano lake na Muhammad Ali, lililopangwa Jumatano ya tarehe 25 mjini Kinshasa, mji mkuu wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), likasogezwa hadi 30 Oktoba. Kinshasa ikabaki na swali lisilohusu ngumi hata kidogo: hawa wanamuziki walio njiani tuwafanyeje?

Maana pambano lilikuwa na pacha wake, tamasha la Zaire 74. Kwa usiku tatu mfululizo, Jumapili tarehe 22 hadi Jumanne tarehe 24, uwanja wa Stade du 20 Mai ulikuwa umetengwa kwa ajili ya muziki. Kutoka Marekani walikuwa wanakuja James Brown na bendi yake, B.B. King, Bill Withers, The Spinners, The Crusaders na Sister Sledge, ambao wakati huo walikuwa mabinti wadogo tu. Fania All Stars, kundi la salsa la New York, walikuwa wanakuja na Celia Cruz. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alikuwa anakuja, Manu Dibango wa Kameruni vilevile. Wenyeji walikuwa na Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Abeti, Orchestre Stukas na Trio Madjesi. Blues, jazz, soul, salsa na rumba ya Kongo kwenye jukwaa moja, zaidi ya miaka kumi kabla wauza santuri wa London hawajakubaliana kutenga rafu moja ya muziki wa dunia.

Tamasha lilifanyika kwa tarehe zake, bila ngumi. Wengi hulikumbuka kama ushindi, na ukisikiliza kilichorekodiwa huwezi kuwalaumu. Lakini mimi nalitazama kama mtu anayeshika daftari la mapato, na kwa jicho hilo ni kisa cha wasanii wa daraja la juu kabisa kukosa watu katika mji ambao haujawahi kukosa watu wa kucheza dansi. Lawama yote ilibebwa na kiwiko kile. Hoja yangu ni kwamba ufa ulikuwepo tangu siku ya mipango. Kiwiko kiliuonyesha tu.

Mifuko miwili, wageni walewale

Wazo la muziki halikutoka kwa Don King, promota wa pambano, wala kwa Mobutu, rais wa Zaire. Lilitoka kwa Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na rafiki yake Stewart Levine, prodyuza Mmarekani waliyefahamiana tangu walipokuwa wanafunzi wa muziki New York. Mwaka mmoja kabla, Masekela alikuwa akizunguka Afrika Magharibi: Guinea alikokuwa akiishi Makeba, Lagos alikokuwa Fela Kuti, kisha akarekodi na kundi la Hedzoleh kutoka Ghana. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba Waafrika wanaujua muziki wa Wamarekani Weusi kuliko Wamarekani Weusi wanavyoujua wa Afrika. Pambano lilipotangazwa kwenda Kinshasa, wawili hao waliona mlango: waandishi wa habari wa dunia nzima watakuwa pale, watalii watakuwa pale, kwa nini muziki usiwe pale?

Walichohitaji ni fedha, na hapa ndipo kisa kinapoanza kujikunja. Fedha za pambano zilitoka serikalini. Mobutu aliwahakikishia mabondia dola milioni 10, milioni 5 kila mmoja, kiasi ambacho promota yeyote wa wakati ule angekisikia akadhani ni utani. Fedha za tamasha hazikutoka mfuko huo. Zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia, ambao tegemeo lao la kurudisha mtaji lilikuwa mambo mawili: viingilio vya uwanjani na filamu ambayo ingepigwa siku hizo tatu. Don King na mshirika wake Lloyd Price, ambaye naye alikuwa mwimbaji mwenye jina, walikuwa na mkono katika shughuli zote mbili, kwa hiyo kwa mtu wa nje ilionekana ni shughuli moja. Kwenye vitabu vya hesabu hazikuwa moja.

Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Pambano lilikuwa linauzwa kwa matangazo ya moja kwa moja kupitia setilaiti, yaliyoonyeshwa kwa kiingilio katika kumbi za sinema na viwanja vya Marekani na kwingineko. Ndiyo sababu ngumi zenyewe zilipigwa alfajiri kwa saa za Kinshasa: saa zilipangwa kwa ajili ya mtu wa New York anayetoka kula chakula cha jioni. Kama mtalii asingekuja hata mmoja, pambano lingelipwa. Likisogezwa wiki tano, litalipwa wiki tano baadaye. Mobutu mwenyewe hakukanyaga uwanjani siku ya ngumi. Alitazama kwenye runinga, kama wateja wengine wote.

Tamasha halikuwa na setilaiti. Lilikuwa na lango, na lango lile lilimtegemea mgeni mwenye dola ambaye hakuwa anakuja kwa ajili yake. Alikuwa anakuja kwa ajili ya Ali na Foreman, na muziki ungemfaa kama namna ya kungojea Jumatano. Foreman alipoumia, mgeni yule alifuta safari, na waandishi wengi waliokwisha kufika wakafunga mizigo. Mfuko wa serikali haukupoteza hata senti kwa kuondoka kwao. Mfuko wa Waliberia ulipoteza karibu wateja wake wote ndani ya siku chache.

Kwa hiyo nikisikia maelezo kwamba tamasha lilikumbwa na bahati mbaya, nauliza: bahati mbaya ya nani? Ukiweka hatima ya tamasha la wanamuziki lukuki juu ya afya ya miili miwili inayopigwa kila siku mazoezini, kuumia ni sehemu ya kazi. Kama mkataba wa tamasha haukuwa na kipengele cha pambano kuahirishwa, aliyeuandika ndiye aliyepaswa kuulizwa, kabla ya mtu yeyote kumuuliza Foreman.

Kuahirisha au kuendelea

Waandaaji walikuwa na takribani wiki moja. Wangeweza kusogeza tamasha lifuate pambano hadi Oktoba. Nadhani kila aliyewahi kuandaa onyesho lolote, hata la bendi tatu kwenye ukumbi wa kijamii, anajua kwa nini hawakufanya hivyo. Wasanii wa kiwango kile wana ratiba za mwaka mzima. James Brown wa 1974 hakuwa mtu wa kumwambia arudi baada ya wiki tano. Ndege ilikuwa imekodiwa. Wapiga picha za filamu walikuwa wamefika. Jukwaa lilikuwa linajengwa, na miongoni mwa waliolisimamia alikuwemo Chip Monck, yuleyule wa jukwaa na taa za tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha toka, na hazikuwa za kurudi.

Kuna hoja ya pili ambayo haitajwi sana. Filamu haikuhitaji watalii. Ilihitaji wasanii, sauti safi na uwanja unaoonekana umejaa. Tangu siku pambano lilipoahirishwa, kwa maoni yangu, tamasha lilibadilika likawa kazi ya kupiga picha yenye watazamaji, ingawa hakuna aliyesema hivyo kwa sauti. Uamuzi wa kuendelea ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba waliendelea na mpango uleule uliotungwa kwa ajili ya mgeni aliyekwisha futa safari.

Safari ya ndege yenyewe ina simulizi zake, nami nitaipita haraka. Inayorudiwa zaidi ni kwamba James Brown alishikilia kusafiri na mitambo yake yote, shehena ikawa kubwa mno, ndege ikachelewa na abiria wenzake wakawa na wasiwasi kama itanyanyuka. Iliponyanyuka, watu wa Fania walianza kupiga ngoma na kuimba angani, Celia Cruz akigonga kiatu kupata mdundo. Picha za safari hiyo zipo. Kwa mwenye kutafuta raha ya kisa, hapo ndipo ilipo.

Lango la Stade du 20 Mai

Uwanja ule si uwanja wa kawaida. Wabelgiji waliufungua mwaka 1952 kwa jina la mfalme wao Baudouin. Tarehe 4 Januari 1959, mashabiki waliokuwa wakitoka kutazama mpira pale walijiunga na umati uliozuiwa kufanya mkutano wa kisiasa, na ghasia za siku zile ndizo zilizowafanya Wabelgiji waanze kuzungumzia uhuru kwa haraka. Mobutu akaubatiza tarehe 20 Mei, siku ya kuzaliwa kwa chama chake cha MPR mwaka 1967. Leo unaitwa Tata Raphaël. Uko katikati ya mitaa ya watu, si mbali na Matonge, ambako mwaka 1974 baa zilikuwa na bendi za moja kwa moja na mtu aliyemaliza kazi angeweza kumsikiliza Franco au Tabu Ley kwa bei ya bia.

Sasa weka mpango wa tamasha juu ya mji huo. Kalenda kwanza. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kwa mgeni aliye hotelini akingoja ngumi za Jumatano, siku hizo ni nzuri sana. Kwa karani, fundi, mwalimu au mchuuzi wa Kinshasa, ni kumwambia akeshe usiku tatu mfululizo na kesho yake aamkie kazini. Maonyesho yalikwenda hadi usiku mkubwa, kama maonyesho ya Kinshasa yanavyokwenda hadi leo, lakini dansi la kukesha lina siku zake za wiki, na wenyeji walizijua.

Kisha kiingilio. Bei ilikuwa ya kumfaa mtu wa dola, na kwa wakazi wengi wa mji ilikuwa juu mno. Hapo ndipo napata shida na kauli kwamba watu hawakuja kwa sababu pambano liliahirishwa. Wageni ndio hawakuja kwa sababu hiyo. Wenyeji walikuwa hukohuko mitaani, hawakuahirisha chochote. Kwa masimulizi ya waliokuwapo, usiku wa kwanza uwanja ulikuwa na nafasi nyingi kuliko watu, huku nje mji ukiendelea na shughuli zake.

Na kuna jambo la tatu, la ladha. Mwenyeji aliyeweza kulipa alikuwa anaulizwa alipie nini? Franco na Tabu Ley aliwaona kila wiki. B.B. King hakuwa jina la mitaani Kinshasa, wala The Crusaders. James Brown alikuwa jina, na jina kubwa. Vijana wa Trio Madjesi walikuwa wamejijengea umaarufu kwa mavazi na miruko iliyotoka moja kwa moja kwake. Johnny Pacheco wa Fania naye alijulikana. Mpangaji mwenye kuujua mji angeyaweka majina hayo mawili mbele ya tangazo, akawazungushia bendi za nyumbani, na akauza usiku mmoja mkubwa wa Jumamosi kabla ya kuuza tatu. Ninasema hivi nikijua kwamba ni rahisi kupanga tamasha la watu wengine miaka hamsini baadaye.

Amri badala ya bei

Suluhisho lililopatikana lilikuwa la Kizaire kabisa, la wakati ule. Milango ilifunguliwa. Waandaaji wamesimulia kwamba kufikia usiku wa mwisho watu waliruhusiwa kuingia bila malipo, na uwanja ukafurika. Idadi inayotajwa zaidi ni watu 80,000, nami siwezi kuiapia, lakini picha za usiku ule zinaonyesha umati usio na mwisho chini ya picha kubwa ya Mobutu.

Ili kuelewa kwa nini serikali iliridhika na milango kuwa wazi, kumbuka mwaka wenyewe. Mobutu alikuwa amebadilisha jina la nchi mwaka 1971, akabadilisha majina ya watu mwaka uliofuata, akavua suti na tai. Novemba 1973 alitangaza kutwaa biashara za wageni. Juni 1974 timu ya taifa, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, ilifungwa 9 bila na Yugoslavia mbele ya runinga za dunia. Bei ya shaba, iliyokuwa imepanda sana mapema mwaka huo, ilikuwa imeanza kuporomoka. Uwanja mtupu mbele ya kamera ulikuwa fedheha nyingine ambayo serikali haikuihitaji. Uwanja uliojaa ulikuwa na thamani kwake hata kama haujaingiza zaire moja, sarafu ya nchi.

Kwa Waliberia hesabu ilikuwa nyingine. Kila mtu aliyeingia bure alikuwa mapambo ya filamu yao na hasara ya lango lao. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kufungua milango kuliokoa tamasha. Kuliokoa rekodi. Na pia kulifuta swali ambalo lingekuwa na faida kujibiwa: mkazi wa Kinshasa angelipa kiasi gani kumwona James Brown? Bila shaka angelipa kitu. Kati ya bei ya mtalii na bure palikuwa na nafasi pana sana, hakuna aliyejaribu kusimama hapo.

Kilichopigwa

Niache daftari kidogo, kwa sababu muziki unastahili.

Wanaokwenda kutazama picha za siku zile huenda kwa ajili ya James Brown, na hupata walichofuata: mtu mfupi mwenye vazi la kubana lenye herufi GFOS (Godfather of Soul, lakabu yake) tumboni, jasho likimtiririka, bendi ikimfuata kila anapotikisa bega. B.B. King alikuwa mtulivu na mtaratibu, akiliachia gitaa limalizie sentensi. Bill Withers aliketi na gitaa la kawaida mbele ya uwanja wa mpira, jambo la kijasiri kuliko linavyoonekana, kwa sababu uwanja wa mpira humeza sauti ndogo. Makeba aliimba kwa Kixhosa, midoko ya ulimi ikisikika hadi jukwaa la mwisho. Alikuwa mwanamke aliyenyang'anywa nchi, na alisimama pale kama mwenye nyumba.

Lakini kiini cha tamasha, kwa sikio langu, kilikuwa Fania. Waandaaji wa Marekani waliwachukua kama kiungo cha ziada; mhariri mmoja wa orodha angewaondoa bila kugundua hasara. Kumbe walikuwa ndio pekee waliokuja na kitu ambacho Kinshasa ilikuwa tayari inakimiliki. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kikuba zenye alama ya GV zilikuwa zikiuzwa Afrika, na kutoka humo vijana wa Léopoldville, jina la zamani la Kinshasa, walijifunza kupanga ala, kuitikia, kukata mdundo. Mwimbaji Kallé na bendi yake ya African Jazz walitoka hapo, Franco pia, aliyeanza OK Jazz mwaka 1956. Celia Cruz, binti wa Havana aliyekuwa nje ya Kuba tangu 1960, alipopanda jukwaani na Pacheco, Ray Barretto akiwa kwenye ngoma, na waimbaji kama Héctor Lavoe na Cheo Feliciano wakisubiri zamu, hawakuwa wanatambulisha muziki mgeni. Walikuwa wanaurudisha uliokwenda Kuba na watumwa, ukarudi na meli za santuri, ukapewa magitaa ya Kikongo. Umati haukuhitaji kuelezwa mahali pa kupiga makofi.

Sisi wa pwani na bara la Afrika Mashariki tunalijua hilo bila kuhadithiwa. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz. Na mwaka huo huo wa 1974 wanamuziki wa bendi ya Maquis waliotoka Kongo walikuwa wamekwisha kaa Dar es Salaam na kuanza kuimba Kiswahili. Santuri za Franco na Tabu Ley zilikuwa zikiuzwa Nairobi na Dar kama za nyumbani. Kama waandaaji wangetafuta mashabiki wa kusafiri, hawakuhitaji kutazama New York peke yake. Lubumbashi, Bujumbura, Nairobi na Dar kulikuwa na watu waliokwisha nunua muziki huo kwa miaka ishirini. Najua barabara, nauli na vibali vya siku zile visingewaruhusu wengi. Ila sijaona dalili kwamba wazo hilo lilipita hata mezani.

Miaka mitatu nyuma, Machi 1971, Accra ilikuwa imewaleta Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, Santana na Roberta Flack kwa usiku mmoja pale Black Star Square. Tofauti na Kinshasa ni ndogo kwa maelezo na kubwa kwa matokeo. Onyesho la Accra liliwekwa tarehe 6 Machi, sikukuu ya uhuru wa Ghana. Mji ulikuwa barabarani tayari, na hakuna aliyekuwa anakwenda kazini kesho yake akilaani wanamuziki.

Zanzibar ilipoanza tamasha la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004, ilikuwa imechagua njia nyingine kabisa. Mgeni analipa bei ya mgeni na Mtanzania analipa bei ndogo ya Mtanzania, lango moja la Ngome Kongwe, na gwaride la ufunguzi mitaani halina kiingilio. Haikuwakinga na kila baya: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, kwa sababu kiingilio hata kikipangwa vizuri hakitoshi peke yake kulipia ndege na mitambo. Lakini kila Februari linapofanyika, mwenyeji na mtalii wanasukumana mbele ya jukwaa lilelile. Kinshasa 1974 walikuwa wametenganishwa na bei kabla ya kutenganishwa na kiwiko.

Mali iliyobaki

Baada ya wanamuziki kuondoka, wa Fania na wa James Brown wakirudi kwenye ratiba zao, mabondia walibaki Kinshasa wiki tano. Inasimuliwa kwamba Foreman alitaka kwenda Ulaya kutibiwa na akanyimwa ruhusa, kwani Mobutu aliogopa kwamba akitoka hatarudi. Ali alishinda raundi ya 8. Dunia ikakumbuka ngumi, muziki ukawa maelezo ya chini ya ukurasa.

Kilichobaki cha tamasha kilikuwa mikanda: kilomita kwa kilomita za filamu na sauti, mali pekee ambayo wawekezaji wangeweza kuishika. Nayo ikaingia kwenye migogoro ya umiliki na madeni. Mwongozaji Leon Gast, aliyekwenda Kinshasa kupiga picha za tamasha, alichukua zaidi ya miaka ishirini kuipata njia ya kuimaliza kazi, na ilipotoka mwaka 1996 kwa jina la When We Were Kings, ilikuwa imegeuka kuwa filamu ya pambano, muziki ukiwa pembeni. Ilipata Oscar. Mmoja wa waliohariri filamu hiyo, Jeffrey Levy-Hinte, alirudi kwenye makasha yaliyobaki na mwaka 2008 akatoa Soul Power, ambamo hatimaye tamasha ni tamasha. Humo wasanii wa Marekani wana nafasi kubwa kuliko wenyeji, jambo linaloeleweka kibiashara na linalokera vilevile.

Wenyeji walingoja zaidi. Maonyesho ya Waafrika wa siku zile tatu, Franco, Tabu Ley, Makeba, Abeti na Stukas, yalitolewa kama albamu kamili mwaka 2017, miaka 43 baadaye. Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Abeti tangu 1994, Makeba tangu 2008, Tabu Ley tangu 2013. Masekela aliiona ikitoka. Alifariki Januari iliyofuata. Ukiisikiliza albamu hiyo kwa mfululizo utagundua kwamba sauti imenaswa vizuri mno kwa kazi ya uwanjani ya mwaka 1974, magitaa ya TPOK Jazz yakitengana moja moja. Ingefaa kuuzwa madukani Kinshasa, Nairobi na Dar Krismasi ya mwaka uleule, kwa watu waliokuwa nje ya lango Jumapili ile.